Mkunjo Unaobeba Pumzi

Mwaka 1938, katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague, mwanakemia Felix Haurowitz alitoa kwenye jokofu fuwele za himoglobini alizokuwa ameziacha humo kwa muda. Alipoziweka zilikuwa sindano nyekundu nyangavu. Sasa zilikuwa vibamba vya pembe sita, vya rangi ya zambarau, kwa sababu bakteria walioingia humo walikuwa wameimaliza oksijeni yote. Akaweka tone moja chini ya hadubini. Hewa ilipopenya taratibu kando ya kioo, vibamba vya zambarau vikayeyuka mbele ya macho yake, na sindano nyekundu zikajijenga upya.

Fuwele husimama kwa sababu molekuli zake zimejipanga kwa safu zinazolingana. Ikivunjika kwa kuguswa na oksijeni tu, basi molekuli yenyewe imebadilika umbo hata haiwezi tena kukaa kwenye safu yake ya awali. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni, ilikuwa inageuka kila inapopokea mzigo wake na kila inapoutua. Lakini ilikuwa na umbo gani? Swali hilo liliwachukua watu wa Cambridge zaidi ya miaka 30, na jibu likawa kubwa kuliko swali lenyewe. Walikuta mkunjo mmoja wa protini ambao viumbe hai wamekuwa wakirithishana tangu zamani ambapo hapakuwa na damu, wala moyo wa kuisukuma.

Aliyeibeba kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko wote ni Max Perutz, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Cambridge mwaka 1936 kujifunza kwa J. D. Bernal. Haurowitz alikuwa shemeji yake, mume wa binamu yake, na ndiye aliyemshauri mwaka 1937 ashughulikie himoglobini. Gilbert Adair wa Cambridge akampa fuwele zilizotokana na damu ya farasi. Mwaka uliofuata Hitler aliimeza Austria. Haurowitz naye mwaka 1939 akakimbilia Istanbul. Perutz mwenyewe alikamatwa na Waingereza mwaka 1940 kama raia wa nchi adui na kupelekwa kwenye kambi huko Kanada, kisha akaachiliwa na kurudi Cambridge mwaka 1941. Fuwele zake zilikuwa zikimsubiri.

Njia aliyoitumia ilikuwa kupitisha eksirei ndani ya fuwele. Miali ikigonga atomi zilizopangana hutawanyika, na kwenye filamu hutokea mamia ya madoa, mengine yaliyokolea na mengine hafifu. Madoa hayo hubeba habari za mahali ilipo kila atomi, ila nusu ya habari hupotea. Filamu huonyesha nguvu ya kila wimbi lililofika, lakini haionyeshi kama wimbi lilifika likiwa kwenye kilele au kwenye bonde. Bila nusu hiyo ya pili picha haisomeki. Njia hii ilikuwa imekwisha kufichua mpangilio wa chumvi ya kawaida, yenye atomi za aina mbili tu. Himoglobini ina atomi karibu 10,000. Wapo walioona kwamba Perutz anapoteza ujana wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alidhani ameona mwanga. Akatangaza kwamba molekuli ni fungu la fito zilizolala sambamba, nadhifu na rahisi kueleza. Francis Crick, mwanafunzi aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga na kundi hilo, akakaa na hesabu zake kisha akasimama mbele ya wakubwa wake na kuonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani. Sir Lawrence Bragg, mkuu wa maabara, alikasirika. Perutz alikubali. Naona hapo ndipo ukubwa wa Perutz ulipo zaidi: alikuwa ameifanyia kazi hoja hiyo kwa miaka mingi, akaiacha, akarudi kwenye filamu zake.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1953. Perutz alipata habari kutoka Marekani kwamba Austen Riggs ameweza kuunganisha zebaki na himoglobini bila kuuharibu uwezo wake wa kushika oksijeni. Zebaki ni atomi nzito, yenye elektroni 80. Ikikaa mahali pamoja palepale katika kila molekuli ya fuwele, hubadilisha madoa kidogo, na kutokana na badiliko hilo mtu anaweza kukokotoa ile nusu ya habari iliyopotea. Vernon Ingram, mwanakemia kijana, akamsaidia kutengeneza fuwele zenye zebaki. Filamu ya kwanza ilipotoka kwenye dawa, madoa yalikuwa mahali pale pale, lakini ukolezi wake ulikuwa umebadilika kwa kiasi kinachopimika. Perutz alikwenda mbio kumwita Bragg aje kwenye chumba cha giza.

Hata hivyo si himoglobini iliyoonekana kwanza. Mwenzake John Kendrew alikuwa amechagua protini ndogo zaidi, mayoglobini, inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Farasi alimpa fuwele ndogo mno. Akafikiria wanyama wanaozama kwa muda mrefu, kwa kuwa misuli yao haina budi kuwa na akiba kubwa, na hatimaye nyama ya nyangumi wa kichwa kikubwa cha mraba, mzamiaji hodari kuliko karibu wote, ikaletwa kutoka Peru. Fuwele zake zilikuwa kubwa na safi. Mwaka 1957 Kendrew alipata picha ya kwanza ya umbo la protini iliyopata kuonwa na binadamu, kwa kutumia madoa 400 tu na kompyuta ya kwanza ya Cambridge iliyoitwa EDSAC.

Haikuwa nadhifu. Walitegemea mpangilio wenye ulinganifu, wakakuta mnyororo unaopinda huku na kule bila mantiki ya kuonekana, na katikati yake kisahani bapa. Mwaka 1960, kwa madoa karibu 10,000, Kendrew aliweza kuona karibu kila atomi, na mantiki ikaanza kujitokeza.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, na zipo aina 20 za asidi hizo. Wa mayoglobini ya nyangumi una asidi amino 153. Sehemu kubwa ya mnyororo huo imejisokota, na misokoto iko minane. Kendrew aliipa herufi kuanzia A hadi H. Misokoto imepangana pande mbalimbali, hii ikipita juu ya ile, hadi ikaacha mfuko mdogo. Ndani ya mfuko huo kimechomekwa kisahani kiitwacho himu, chenye atomi moja ya chuma katikati. Asidi amino moja, histidini ya nafasi ya nane katika msokoto wa F, imeshika chuma upande mmoja. Upande wa pili oksijeni huja kutua.

Kwa nini kazi yote hiyo kwa ajili ya atomi moja ya chuma? Himu ikiachwa peke yake majini, hukutana na himu nyingine, oksijeni huingia katikati yao, na chuma huungua, yaani hupata kutu. Chuma cha namna hiyo hakiwezi tena kushika oksijeni na kuiachia. Mfuko huizuia himu isikutane na mwenzake na huyaweka maji mbali. Ndani yake zimejaa asidi amino zisizopenda maji, na nje zimekaa zile zinazoyapenda. Mkunjo mzima upo ili chuma kiguse oksijeni bila kuliwa nayo.

Septemba 1959 ilikuwa zamu ya Perutz, miaka 22 baada ya ushauri wa Haurowitz. Kompyuta ilitoa tarakimu, yeye na wenzake wakakata tabaka moja baada ya jingine na kuyapanga. Himoglobini ya farasi ilionekana ina minyororo minne, miwili ya aina inayoitwa alfa na miwili ya beta, kila mmoja na himu yake. Walipoutazama mnyororo mmoja peke yake wakautambua. Ulikuwa umejikunja kama ule wa nyangumi aliyevuliwa upande mwingine wa dunia. Farasi na nyangumi, damu na misuli, mnyororo wa kubeba na mnyororo wa kuhifadhi: misokoto ile ile, mipindo ile ile, mfuko ule ule. Makala za Perutz na Kendrew zilitoka pamoja katika jarida la Nature mwezi Februari 1960, na mwaka 1962 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ajabu ilizidi pale orodha za asidi amino zilipoanza kusomwa. Mnyororo wa alfa wa binadamu una asidi 141, wa beta 146. Ukiulinganisha wa alfa wa binadamu na wa farasi, utakuta tofauti katika nafasi 18. Sokwe mtu na binadamu hawana tofauti hata moja, si kwenye alfa wala beta. Kadiri ukoo unavyokuwa mbali ndivyo tofauti zinavyoongezeka, na kutokana na hesabu za himoglobini ndipo Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walipopata, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wazo la kupima muda wa mageuzi kwa kuhesabu mabadiliko ya protini. Mayoglobini na himoglobini zimeachana sana kwa orodha. Sehemu kubwa ya asidi amino hailingani. Umbo ndilo lililobaki.

Mwaka 1965 Perutz, Kendrew na Herman Watson waliziweka pamoja orodha zote zilizokuwa zimesomwa na kuuliza kila nafasi inahitaji nini. Nafasi ambazo hazibadiliki kamwe zilikuwa chache mno. Ile histidini inayoshika chuma ilikuwemo, na fenilalanini moja inayoikandamiza himu ikae mahali pake. Kwingine sheria ilikuwa pana zaidi: nafasi za ndani, zaidi ya 30, zingeweza kubadilishana asidi amino ili mradi iliyoingia isiwe inayopenda maji. Nje, karibu chochote kiliruhusiwa. Mwaka 1980 Arthur Lesk na Cyrus Chothia walichunguza globini tisa za viumbe walioachana sana, baadhi zikiwa zinafanana kwa asilimia 16 tu ya asidi zao. Waligundua kwamba asidi kubwa ikiingia mahali pa ndogo, misokoto husogea na kujizungusha kidogo kuipa nafasi, lakini misokoto yote husogea kwa namna ambayo mfuko wa himu haupotezi umbo lake. Huu ndio uhifadhi ninaouona wa kustaajabisha kuliko kunakili herufi kwa herufi. Vizazi na vizazi vilibadilisha karibu kila kitu, na kila badiliko lililovunja mfuko lilikufa pamoja na mwenye nalo.

Wataalamu huita kikoa kipande cha protini kinachojikunja chenyewe na kukutwa tena na tena katika protini mbalimbali. Globini ni kikoa cha namna hiyo, na baada ya 1960 kila aliyechungulia mahali papya alikikuta. Huko Munich, mwishoni mwa miaka ya 1960, Robert Huber na wenzake walifichua umbo la protini nyekundu ya kiluwiluwi wa Chironomus, jamaa ya wadudu wanaoruka kwa makundi makubwa juu ya Ziwa Viktoria. Kiluwiluwi huyo huishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Mkunjo wake ulikuwa ule ule. Vijidudu wa Artemia wa maziwa ya chumvi wana mnyororo mmoja mrefu wenye vikoa tisa vya globini vilivyofuatana.

Na mimea? Mkulima wa maharage, kunde au soya aking'oa mmea wenye afya hukuta vinundu kwenye mizizi, na akikipasua kimoja ndani ni chekundu. Mwaka 1939 Mjapani Hideo Kubo alionyesha kwamba wekundu huo ni wa protini yenye himu, ya ukoo wa himoglobini. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya mmea. Kimeng'enya chao cha kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, na hapo hapo wao wenyewe wanahitaji oksijeni kuishi. Globini ya mmea huishika oksijeni kwa nguvu, haiachi izagae, na huwafikishia bakteria kidogo kidogo. Mwaka 1975 watafiti wa Moscow, B. K. Vainshtein na wenzake, walitangaza umbo la globini ya mmea wa lupini. Mmea hauna damu, lakini misokoto ilikuwa mahali pake na histidini ilikuwa imeshika chuma.

Kisha ikaja zamu ya bakteria wenyewe. Mwaka 1986 ilisomwa orodha ya asidi amino za himoglobini ya bakteria aitwaye Vitreoscilla, na baadaye ikajulikana kwamba bakteria wengi, hata E. coli wa tumboni mwetu, wana globini iliyounganishwa na kikoa kingine cha kazi tofauti. Kwao kubeba oksijeni si kazi kuu. Protini hiyo huiharibu oksidi ya naitriki, sumu ambayo chembe nyeupe za damu huwarushia wavamizi. Kwa hiyo kubeba pumzi ni kazi iliyokuja baadaye. Mfuko wa kukitunza chuma ulikuwapo kwanza, na wanyama waliporefuka miili wakautumia kwa haja yao.

Swali la Haurowitz, molekuli inageukaje, lilijibiwa na Perutz mwaka 1970. Himoglobini isiyo na oksijeni imekaza. Chuma kimesogea nje kidogo ya kisahani, chini ya angstromu moja, na angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Oksijeni ikitua, chuma hurudi ndani na kuivuta ile histidini, histidini huuvuta msokoto wa F, na viungo vya chumvi vinavyoishikilia minyororo minne pamoja huachana. Molekuli nzima hulegea na kujizungusha, na minyororo iliyobaki hupokea oksijeni kwa urahisi zaidi. Mapafuni hujaa kwa haraka. Kwenye misuli inayofanya kazi, yenye asidi na kabonidayoksaidi nyingi, hukaza na kuachia. Chembe moja nyekundu ya damu yako ina molekuli kama milioni 270 za namna hii.

Katika historia hii ipo sehemu inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wa California walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa seli mundu ina chaji tofauti ya umeme na ya watu wengine. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifika na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria alikuta wenye chembechembe ya seli mundu, yaani waliorithi kwa mzazi mmoja tu, wakifika asilimia 20 na zaidi. Kwenye nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja. Ramani hiyo ililingana na ramani ya malaria.

Alirudi mwaka 1953. Pamoja na kupima watoto wa Buganda, aliwachukua watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye chembechembe hiyo na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria makusudi. Vimelea viliota kwa 14 kati ya wale wasio nayo, na kwa wawili tu kati ya wenye nayo. Walipewa tiba baadaye. Jaribio la namna hiyo leo lingekuwa na maswali mazito ya kujibu mbele ya kamati yoyote ya maadili, na ni haki kusema hivyo. Vile vile ni haki kukumbuka kwamba ushahidi uliochapishwa mwaka 1954, unaosomeshwa duniani kote, ulitoka kwenye mishipa ya watu hao.

Vernon Ingram, yule wa zebaki, ndiye aliyeipata tofauti yenyewe mwaka 1956 na kuikamilisha mwaka uliofuata. Katika asidi 146 za mnyororo wa beta, ya sita imebadilika: asidi glutamiki, inayopenda maji, imeondoka na valini, isiyoyapenda, imekaa mahali pake. Nafasi ya sita iko nje ya mkunjo. Mfuko haujaguswa, chuma kiko salama, oksijeni inashikwa na kuachiwa. Maafa huja oksijeni ikishaachiwa. Molekuli ikikaza, juu ya mnyororo wa beta hufunguka kishimo kinachopakana na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, na valini ya molekuli jirani huingia humo barabara. Jirani hushika jirani, nyuzi ndefu hujisuka ndani ya chembe, na chembe hupinda ikawa mundu. Maumivu ya viungo yanayomlaza mtoto kitandani yanaanzia kwenye kishimo hicho.

Ukoo wa globini una ndugu mwingine. Kabla ya kuzaliwa mtoto hatumii beta bali gama, mnyororo wenye asidi 146 pia na misokoto ile ile, ambao huvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Gama haina valini kwenye nafasi ya sita, na kwenye nafasi ya 87, karibu na kile kishimo, ina glutamini inayozuia nyuzi zisishikane. Ndiyo maana mtoto mwenye seli mundu huzaliwa mzima, na ugonjwa huanza miezi michache baadaye, gama inapopungua. Dawa ya haidroksiyurea huurudisha mwili kwenye kutengeneza gama. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba ingekuwa ya hatari mahali penye malaria na maambukizi mengi, hadi ilipojaribiwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua.